Daktari kamkataa mzee wangu: anamwonea huruma au analinda takwimu zake?

#1 Mwana_wa_Pili
Wakuu salaam. Uzi mrefu kidogo, mnivumilie.

Mzee wangu ana miaka 78, valvu moja ya moyo imekaza. Bingwa wa upasuaji aliangalia picha, akamtazama mzee juu mpaka chini, akasema "huyu kwa kisu hapana", tukaandikiwa rufaa. Sikubisha, miaka 78 si mchezo. Lakini nikiwa nasubiri barua igongwe muhuri, muuguzi mmoja akaninong'oneza: "Usimchukie. Mwaka huu wameshamfia wawili, na vifo vya kila daktari vinabandikwa."

Hilo la "vinabandikwa" limeninyima usingizi, nimekesha nasoma. Kumbe mambo haya ni ya siku nyingi. Jimbo la New York lilianza kukusanya takwimu za vifo vya upasuaji wa baipasi ya moyo (kuipa damu njia mpya kuzunguka mshipa ulioziba) mwaka 1989. Mwaka 1991 gazeti moja lilishinda kesi, majina ya madaktari yakaanikwa, kila mtu na vifo vyake. Wachumi wanne walichapisha utafiti mwaka 2003 kuhusu New York na Pennsylvania. Walikuta kwamba baada ya ripoti hizo kuanza, kisu kilihamia kwa wagonjwa wenye nafuu, na wale waliokuwa hoi hali zao zikazidi kuwa mbaya.

Sasa naomba kuelimishwa. Hivi viashiria vya ubora, yaani namba hizi za kupimia kazi ya daktari na hospitali, vinamsaidia mgonjwa, au vinamsaidia yule ambaye hakuwa na shida kubwa tangu mwanzo?

#2 Kichwa_Panzi
Siti ya mbele. Nikishasoma nitarudi.

#3 Takwimu_Safi
Pole kwa mzee, mkuu. Ila umeruka jambo kubwa. New York hawakuwa wanalinganisha vifo vibichi. Kila mgonjwa anapewa uzito kulingana na umri, figo, kisukari, nguvu ya moyo na kadhalika, halafu daktari anapimwa dhidi ya vifo vilivyotarajiwa kwa wagonjwa wa aina yake. Ukimpasua mzee wa miaka 78 akafa, fomula inakusamehe kwa sehemu. Akipona, unang'aa. Na kati ya 1989 na 1992 vifo vya baipasi pale, baada ya marekebisho hayo, vilishuka kwa asilimia 41. Hao ni watu waliorudi nyumbani kwa miguu yao. Tusiwafute kwa sababu ya mnong'ono wa koridoni.

#4 Nesi_wa_Usiku
@Takwimu_Safi fomula inasamehe kilichoandikwa kwenye faili, mdogo wangu. Kisichoandikwa haikijui.

Mgonjwa anaingia, mimi nikimtazama tu namna anavyoshika kitanda ninajua huyu hana akiba mwilini. Hana nyama kwenye mapaja, hali, anaongea maneno mawili anapumzika. Kwenye fomu hakuna kisanduku cha hayo. Kuna "kisukari: ndiyo/hapana". Daktari wa kisu naye ana macho kama yangu. Anajua huyu ni mgonjwa wa namna gani kabla fomula haijaamka. Kwa hiyo wa kukwepwa ndiye yule ambaye hali yake mbaya haina kisanduku.

Simtetei bingwa wa mzee wako @Mwana_wa_Pili. Simshtaki pia. Inawezekana kabisa kwamba kisu kingemuua, na inawezekana kabisa kwamba daktari anaogopa ripoti. Mawili hayo hukaa kichwa kimoja.

#5 Bwana_Ukali
Mnazunguka sana. Huu ni wizi, kama wizi mwingine wowote. Mtu kapewa lengo, kashindwa, kachakachua. Marekani 2014, hospitali za maveterani kule Phoenix: lengo lilikuwa mgonjwa aonwe ndani ya siku 14. Wakatengeneza orodha za siri, mtu anasubiri miezi lakini kwenye kompyuta anaonekana kasubiri siku chache. Waziri Shinseki akajiuzulu mwezi Mei mwaka huohuo. Fukuza, shtaki, viashiria vitakaa sawa.

#6 Mganga_Mstaafu
@Bwana_Ukali ukishafukuza wote nani atabaki kuhudumia? Nimefanya kazi hii miaka mingi, na niliowaona wakipindisha namba wengi wao hawakuwa wezi. Walikuwa watu wazuri waliobanwa.

Chukua Uingereza. Mwaka 2004 idara za dharura ziliwekewa lengo: wagonjwa 95 kati ya 100 wamalizwe ndani ya saa nne, ama walazwe, ama waruhusiwe, ama wahamishwe. Ukichora grafu ya muda wa kuondoka, unaona kilima kinachochomoza dakika za mwisho kabla ya saa nne. Mgonjwa aliyekaa saa tatu na nusu bila kuguswa ghafla anapata kitanda. Je, ugonjwa wake uliiva dakika ya 235? Na kwingine magari ya wagonjwa yakawa yanapanga foleni nje na mgonjwa bado yuko ndani ya gari, maana akiwa humo saa ya idara haijaanza kuhesabu. Hakuna aliyeiba kitu hapo. Vitanda vya wodini vimejaa, na mkurugenzi anapiga simu kila nusu saa.

#7 Foleni_Ndefu
Marekebisho kidogo kwa mzee wetu wa #6: lengo la 2004 lilikuwa asilimia 98. Lilishushwa hadi 95 mwaka 2010. Mengine yote uko sahihi.

Kisa cha kuchekesha kutoka hukohuko Uingereza: kliniki za kawaida ziliwekewa lengo la kumwona mgonjwa ndani ya saa 48. Suluhisho lao? Kukataa kumpangia mtu yeyote miadi ya wiki ijayo. Ukitaka Alhamisi ijayo unaambiwa upige simu Jumatano. Uchaguzi wa 2005 Tony Blair aliulizwa swali hilo kwenye televisheni mubashara, akaonekana hakuwa na habari kabisa kwamba lengo la serikali yake lilikuwa linazaa hayo.

#8 Mganga_Mstaafu
98, kweli. Asante @Foleni_Ndefu, uzee huu.

#9 Kichwa_Panzi
Nimerudi, nimesoma. Kwa hiyo dawa ya foleni ni kuificha foleni nyuma ya simu. Genius wangu wa darasa la nne alikuwa hivyohivyo, akiulizwa kwa nini hajamaliza zoezi anasema hajalianza.

#10 Takwimu_Safi
Mnacheka, lakini lengo hilohilo la saa nne mnalolidhihaki liliokoa watu. Wachumi walilifanyia uchambuzi makini wakitumia kilima hichohicho cha @Mganga_Mstaafu. Walikuta kwamba kwa wagonjwa walioguswa na lengo, vifo ndani ya siku 30 vilipungua kwa karibu asilimia 14. Madaktari walilaza zaidi na kupima zaidi, gharama ikapanda, na watu wakapona zaidi. Kilima kinaonekana kibaya machoni, ila chini yake kuna watu walioshughulikiwa mapema.

Kwa hiyo kupindisha namba na kuokoa maisha vinaweza kutokea siku moja, wodi moja. Hili ndilo linalonichanganya mimi mwenyewe.

#11 Mama_Pacha
Naomba nitoe langu, mimi si mtaalamu.

Mama yangu alilazwa wiki mbili baada ya kuvunjika mkono. Mkono, si mguu. Aliingia akitembea. Wodini kulikuwa na ubao mkubwa: SIKU BILA MGONJWA KUANGUKA, na namba chini yake. Kila akijaribu kushuka kitandani wanamrudisha, "bibi kaa, bibi kaa." Wakapandisha vyuma vya pembeni, wakaweka kengele ya kulia akisogea. Hakuanguka hata mara moja, na ubao ukawa mzuri. Aliporudi nyumbani miguu ilikuwa kama uzi, mpaka leo anatembea kwa kushikwa. Namshitaki nani? Hawakufanya kosa lolote linaloandikwa.

#12 Nesi_wa_Usiku
Pole dada @Mama_Pacha. Hili lako limenigusa maana mimi ndiye huyo "bibi kaa". Akianguka zamu yangu, najaza fomu kurasa nne na naitwa kikaoni. Akinyong'onyea taratibu kwa wiki mbili, haandikwi popote na haitwi mtu. Kumtembeza mgonjwa mmoja kunahitaji watu wawili na dakika ishirini, na usiku tuko wawili kwa wodi nzima.

#13 Karani_wa_Mafaili
Nafanya kazi ya kumbukumbu, sitasema wapi. Niwape siri ya jikoni: namba zinaweza kubadilika bila mgonjwa yeyote kuhudumiwa tofauti.

Tulipoanza kupimwa kwa vifo, uongozi haukuongea na madaktari wa wodini kwanza. Ulikuja ofisini kwetu. Tukafundishwa kuandika kila ugonjwa alionao mtu, mpaka kigugumizi. Mgonjwa wa nimonia aliyekuwa na mstari mmoja sasa ana mistari kumi na miwili. Vifo vilivyotarajiwa vikapanda, halisi vikabaki palepale, ripoti ikasema tumeboreka. Tukapewa vyeti. Changu kiko kabatini.

#14 Takwimu_Safi
@Karani_wa_Mafaili umenitia aibu kwenye #3 yangu, nakubali. Tena lina mfano mkubwa wa kitaifa. Marekani, kuanzia Oktoba 2012, hospitali zikaanza kukatwa malipo ya Medicare, bima ya serikali ya wazee, kama wagonjwa wao wa moyo na nimonia wanarudi kulazwa ndani ya siku 30 kupita kiwango. Mwanzo hadi asilimia 1, baadaye hadi 3. Wanaorudi wakapungua, watu wakapiga makofi. Baadaye watafiti wakagundua kwamba muda huohuo mfumo wa madai ulibadilishwa: fomu ya kielektroniki iliyokuwa inachukua magonjwa 9 au 10 sasa ikachukua 25. Wagonjwa wote wakaonekana wagonjwa zaidi kwenye karatasi, na sehemu kubwa ya "mafanikio" ikayeyuka.

#15 Foleni_Ndefu
Na usisahau mlango wa pembeni. Mgonjwa anarudi siku ya 20, anawekwa kitandani, anapewa dripu, analala usiku mzima, ila jina lake limeandikwa "uangalizi", si "kulazwa", kwa hiyo hahesabiwi kwamba amerudi. Kwa mwenye dripu mkononi ni kitu kilekile.

#16 Mganga_Mstaafu
Baya zaidi kuhusu mpango huo ni utafiti uliochapishwa 2018 kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani: baada ya mpango kutangazwa na kuanza, vifo baada ya kuruhusiwa viliongezeka kwa wagonjwa wa moyo kushindwa na wa nimonia. Tafsiri ya haraka ni kwamba watu walikuwa wanazuiwa mlangoni. Lakini tume inayolishauri bunge lao kuhusu Medicare ilichambua ikasema haioni hivyo, na watafiti wengine wakasema vifo vya moyo vilikuwa vimeshaanza kupanda kabla ya mpango. Bado wanabishana.

#17 Bwana_Ukali
Yaani mmeandika kurasa tatu kukwepa neno wizi.

#18 Siku_ya_31
Jina langu linajieleza. Upasuaji unahesabiwa vifo vya siku 30. Kaeni wodi ya mahututi mtaona jinsi familia zinavyoshauriwa "tuendelee kidogo" mpaka siku ya 30 ipite, halafu ghafla maneno yanakuwa ya upole, "tumpumzishe".

#19 Takwimu_Safi
@Siku_ya_31 una ushahidi au ni hadithi?

#20 Siku_ya_31
Nina shemeji aliyezimiwa mashine siku ya 32. Iite unavyotaka.

#21 Takwimu_Safi
Pole sana. Nasema tu kwamba mtu akifa siku ya 32 haijathibitika kwamba alicheleweshwa. Wapo wanaokufa siku ya 28 na 29 pia, ila hao hawatupi hadithi.

#22 Mama_Pacha
Kaka @Takwimu_Safi wakati mwingine mtu akikuambia amefiwa, takwimu ziache kidogo.

#23 Takwimu_Safi
Sawa dada. Nimekusikia. Samahani @Siku_ya_31.

#24 Mfamasia_Mkimya
Huwa nasoma tu, leo nachangia. Kuna aina ya pili ambayo hamjaigusa: pale ambapo hakuna anayechakachua na hakuna anayemkwepa mgonjwa. Kila mtu anatimiza lengo kwa moyo safi, na lengo ndilo linaloumiza.

Marekani waliweka sharti kwamba mgonjwa wa nimonia apate antibayotiki ndani ya saa nne tangu afike. Nia njema kabisa. Matokeo: mtu yeyote anayekohoa akaanza kupewa antibayotiki kabla ya picha ya kifua, maana ukisubiri uhakika umechelewa. Wengi wakaandikiwa nimonia ambayo hawakuwa nayo. Wakasogeza hadi saa sita, mwishowe kiashiria kikaondolewa.

Halafu maumivu. Miaka ya 1990 ilianza kampeni ya kuyaita maumivu ishara ya tano ya uhai, yapimwe kama mapigo na joto. Mwaka 2001 chombo kikuu cha ithibati cha hospitali kule kikaweka viwango vya kuyapima. Baadaye fomu ya kuridhika kwa mgonjwa ikawa inauliza kama maumivu yako yalidhibitiwa vizuri, na alama hizo zikaunganishwa na malipo. Wewe ni daktari, mgonjwa anasema maumivu ni nane kati ya kumi, unaandika nini? Sisemi janga la opioidi, zile dawa kali za maumivu zinazoleta uraibu, lote lilitoka hapo. Kampuni za dawa zilikuwa na mkono mrefu. Lakini walipokuja kuliondoa swali hilo kwenye hesabu ya malipo, dawa zilikuwa zimeshatoka dirishani kwa miaka mingi.

#25 Kichwa_Panzi
Mfamasia mkimya akiamua kuongea, uzi mzima unanyamaza.

#26 Foleni_Ndefu
Ninavyoona mimi, tatizo ni pesa. Pima, rudisha mrejesho kwa wenyewe kimyakimya, usiweke fedha wala gazeti. Ukiweka fedha juu ya namba, namba inaoza.

#27 Karani_wa_Mafaili
@Foleni_Ndefu kwetu kabla ya fedha kuja zile fomu zilikuwa zinafungia karanga. Nani alikuwa anazisoma?

#28 Mganga_Mstaafu
Na kuna ushahidi upande wa Karani. Uingereza 2004 waliwalipa madaktari wa kliniki kwa viashiria zaidi ya mia moja: shinikizo la damu, sukari, pumu. Baadaye walipoacha kulipia baadhi yake, kumbukumbu za vipimo hivyo zilishuka. Sasa jibu: huduma ilishuka au uandishi ndio ulishuka? Ukilijua hilo uje uniambie.

Ila @Foleni_Ndefu hukukosea kabisa. Rwanda walipoanza kulipa vituo kwa matokeo mwaka 2006, utafiti wao ulionyesha kujifungulia kituoni kuliongezeka kwa asilimia 23, lakini chanjo kamili za watoto hazikusogea. Fedha inasukuma baadhi ya milango tu.

#29 Nesi_wa_Usiku
Mimi nitawaambia kuhusu kunawa mikono. Akiingia mtu na ubao wa kuandikia, kila mkono unanawa, hata wa mgonjwa. Akitoka, tunarudi kwenye maisha yetu. Ripoti inasema asilimia tisini na kitu. Naikumbuka ripoti hiyo kila saa tisa usiku chupa ya kitakasa ikiwa tupu.

#30 Msoma_Kale
Mnaongea kama haya yameanza jana. Florence Nightingale mwenyewe, mwaka 1863, alichapisha vifo vya hospitali za London, vikionyesha vifo zaidi ya 90 kwa kila vitanda 100. Akashambuliwa papohapo: umegawa vifo vya mwaka mzima kwa vitanda vya siku moja, hospitali inayopokea watu mahututi na kuwaruhusu haraka itaonekana machinjio. Walikuwa na haki, hesabu ilikuwa na kasoro. Lakini hospitali zilikuwa chafu kweli.

Ernest Codman naye, daktari wa upasuaji wa Boston, alitaka kila mgonjwa afuatiliwe mpaka ijulikane tiba ilimsaidia au haikumsaidia, na makosa yachapishwe. Mwaka 1911 akaanzisha hospitali yake ndogo, mwaka 1914 akaondoka ile kubwa aliyokuwa akifanya kazi, akachapisha makosa yake mwenyewe. Hospitali yake ilifungwa baada ya miaka michache.

#31 Bwana_Ukali
Huyo Codman ningempigia kura.

#32 Mfamasia_Mkimya
Turudi kwa mzee wa #1. New York waliliona tatizo la kukwepa wagonjwa. Kwenye kuzibua mishipa ya moyo kwa puto, mwaka 2006 waliamua wagonjwa waliofika na moyo ulioshindwa kabisa kusukuma damu wasihesabiwe kwenye ripoti za wazi. Yaani mtibu huyu, akifa hatukuandiki.

#33 Siku_ya_31
Safi. Sasa daktari mjanja atamwandika kila aliye mahututi kwamba moyo wake umeshindwa, ili atoke kwenye hesabu.

#34 Mfamasia_Mkimya
Hiyo nayo ilihofiwa, ndiyo.

#35 Mwana_wa_Pili
Wakuu asanteni, nilikuwa safarini na mzee, nimesoma yote leo. Mrejesho.

Tumefika kwenye rufaa. Daktari wa pili ni kijana, alikaa na mzee karibu saa nzima. Akasema kisu cha kufungua kifua hakifai, pale alikubaliana na wa kwanza. Ila ipo njia ya kupitisha valvu mpya kwenye mshipa wa paja, akaeleza hatari zake, kiharusi kikiwemo. Mzee akauliza maswali mawili tu: atakaa siku ngapi mbali na nyumbani, na je, akipata kiharusi ataweza kuongea. Akajibiwa kwa ukweli. Akanyamaza kidogo, akasema hapana, nirudishe nyumbani.

Nimebishana naye njia nzima. Kagoma.

Kwa hiyo swali langu la #1 limebaki hewani. Daktari wa kwanza hakumpasua, kwa hiyo hana kifo. Wa pili hakumpasua, hana kifo. Mzee hayumo kwenye jedwali la mtu yeyote. Nikiwa namkalisha kwenye kiti cha gari, karani akatukimbilia na fomu ya kuridhika, moja mpaka tano. Mzee akaweka tano kote, hata kwenye kipengele cha chakula ambacho hakukigusa.

#36 Kichwa_Panzi
Mzee heshima yake. Sina utani leo.

#37 Nesi_wa_Usiku
@Mwana_wa_Pili acha namba hizo kwanza. Akilala usiku anapumuaje? Anatumia mito mingapi?

#38 Mwana_wa_Pili
Mitatu, mama. Wiki iliyopita ilikuwa miwili.

#39 Nesi_wa_Usiku
Miguu imevimba?

#40 Mwana_wa_Pili
Viatu vimegoma kuingia tangu juzi. Nilidhani ni safari.

#41 Nesi_wa_Usiku
Si safari. Kesho asubuhi mapema mpeleke kituo cha karibu waangalie dawa zake za kutoa maji. Wasipokuelewa, waambie hilo la mito, ilikuwa miwili imekuwa mitatu. Na usiku huu akishindwa kulala kabisa usingoje asubuhi.

#42 Mwana_wa_Pili
Sawa mama. Naenda kumwangalia sasa hivi.